Kikombe cha Miswaki

Huku chini Ardabili mifereji imeanza kusema,
ijapokuwa Mlima Sabalani haujavua kilemba cha theluji.
Mazulia yako juu ya ukuta, yanachapwa fimbo,
mapazia yamevuliwa, madirisha yako uchi.
Zimebaki siku tatu kufika Nairuzi
nami nimefika bafuni, chumba cha mwisho,
na ndoo, na siki, na kiburi cha mtu anayekaribia kumaliza.

Hapo nikakiona kikombe.

Cha bati, ua lake limebanduka,
na ndani miswaki mitano imeegemeana
kama walevi waliosahauliwa harusini.
Wa Yashar umetafunwa, nyuzi zimelala kifudifudi.
Wa Sevil nimeugusa kwa kidole: mkavu,
mkavu kuliko kiapo alichoniapia jana usiku.
Wa mume wangu una umri wa ndoa yetu.
Na wa tano?
Nimeuliza nyumba nzima. Hakuna mwenyewe.
Huenda tumekuwa tukiutumia sote, kwa zamu, gizani.
Chini kabisa, uji mweupe wa kipupwe chote.

Nimesugua mpaka nyuma ya friji!
Nimeng'arisha masinia ambayo mgeni hatayageuza,
na mlango huu unaopitisha kila tonge
nimeuachia ukoga.

Jioni nikawapanga chini ya taa. Fungua.
Yashar, miaka saba, mapengo mawili mbele,
kila neno lake lina mluzi;
huko nyuma, gego lenye doa, dogo kama mbegu ya tini.
Sevil alifungua nusu. Fizi zilikuwa zinavuja damu
na alikuwa akiifuta kwa ulimi tangu lini, hakusema.
Kisha Elchin, dereva wa malori ya Astara,
anayebana kidonge cha sukari menoni na kuipitishia chai hapo,
vikombe kumi kwa siku, kama marehemu baba yake.
Upande wa kushoto meno yamelika
kama kizingiti cha nyumba ya zamani.
Nilicheka. Halafu sikucheka.

"Msinitazame mimi," akasema mama mkwe, Sona.
"Yangu yanalala majini, yanaoga kuliko ninyi."
Na kweli, glasi yake ilikuwa mezani
kando ya bakuli la samaki wa dhahabu,
samaki anayatazama meno, meno yanamtazama samaki.
Lakini lozi anatwangiwa.
Jino la pembe si dawa ya pengo.

Sevil akaichukua tochi mkononi mwangu.
"Na wewe, mama?"

Nikafunga mdomo.
Tangu majani yaanguke natafunia kulia.
Mfukoni mwa aproni nina karafuu,
usiku naibana palepale, nageukia ukuta,
asubuhi nawaambia watoto: pigeni mswaki.
Akangoja. Mtoto wa miaka kumi na mitano, na tochi.
Nikafungua.

Daktari wa meno amefunga hadi siku ya kumi na nne.
Tumeandikwa watano kwenye daftari lake,
mimi wa kwanza, kwa mwandiko wa Sevil.

Usiku wa kuamkia mwaka, meza ilikuwa tayari,
vitu saba vinavyoanza kwa sini,
siki, vitunguu saumu, matufaha, na vinginevyo.
Yashar akaleta mswaki wake mpya, wa kijani.
Nikamwambia hapana, neno hili linaanza kwa mimu.
"Sini imo ndani," akasema kwa mluzi wake,
"imekwama katikati, kama nyama.
Halafu mama, itazame: sini yenyewe ina meno matatu."

Tukaangalia. Ni kweli, inayo.
Tukauacha mswaki hapo, kati ya siki na matufaha.

Elchin alikuwa ameshika kidonge cha sukari,
chai inapoa.
Alikigeuzageuza,
akakitia mfukoni.